Jiwe Lililoachwa Barabarani

Kama unaishi kando ya barabara kuu, jiwe hili umeliona. Ni kubwa kama figa. Liko katikati ya lami. Gari halipo na mtu hayupo. Nani kaliweka?

Liliwekwa na utingo. Lori liliharibika mlimani, nalo lilikuwa na mzigo mzito. Utingo aliruka chini, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu ili lori lisirudi nyuma. Hapo alifanya vizuri. Bila jiwe hilo watu wangeweza kufa.

Kosa linakuja baadaye. Lori limetengenezwa, safari inaanza. Jiwe haliwezi kutolewa mpaka lori lisogee mbele. Likisogea, dereva hataki kusimama tena kwenye mwinuko. Utingo anakimbia, anadandia. Jiwe linabaki.

Pale Mlima Kitonga, mkoani Iringa, katika barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia, malori hupanda polepole sana. Naelewa kwa nini dereva anaogopa kusimama. Lakini mlima una mwisho. Asimame penye tambarare, utingo arudi kwa miguu. Au wabebe kabari ya mbao yenye kamba. Wakiondoka, wavute kamba tu.

Jirani yangu mmoja aliangushwa na jiwe la namna hiyo. Alikuwa anatoka mnadani kwa baiskeli, saa mbili usiku. Hakuwa na taa. (Hilo nalo ni kosa, nami nilimwambia.) Alivunjika mguu wakati wa kulima. Mwaka ule shamba lake lililimwa nusu. Aliyeliacha jiwe hamjui, wala hatamjua.

Kuna na matawi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani ili madereva wengine wapunguze mwendo. Ni alama nzuri, na kila dereva anaijua. Lakini lori likiondoka, matawi huachwa. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko jiwe. Leo dereva anaona matawi, anapunguza mwendo, haoni kitu. Kesho vilevile. Siku ya tatu anasema, "Hayo ni ya zamani," anapita kwa kasi. Kumbe siku hiyo lori lipo, nyuma ya kona, bila taa. Matawi ya uongo yamemfundisha kutoamini matawi ya kweli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanaotembea kwa miguu na wenye baiskeli na pikipiki. Yaani watu kama sisi.

Nimewalaumu madereva na matingo. Sasa tujitazame wenyewe. Jiwe linakaa pale siku tatu. Tunapita asubuhi kwenda shambani, tunapita jioni kurudi. Tunalizunguka. Ukimuuliza mtu, anajibu, "Si mimi niliyeliweka." Ni kweli. Lakini yule atakayekuja usiku naye hakuliweka. Waislamu hufundishwa kuwa kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni sadaka. Nami sijasikia dini inayofundisha kukiacha.

Kazi yenyewe ni ya dakika moja. Tazama kwanza pande zote mbili, usije ukagongwa wewe. Usiliache jiwe ukingoni mwa lami, maana huko ndiko wanakopita watoto wa shule. Wala usilitupe mtaroni, kwa sababu mtaro ukiziba, maji ya mvua hula barabara. Lipeleke porini. Likiwa zito, ita mwenzako.