Mtoto Hahukumiwi kwa Karatasi Moja

Wapendwa waamini, wazazi na walezi wa Kibaha na Kisarawe, juma hili tunaomba ruhusa ya kusema kwa ukali kidogo kuliko ilivyo desturi yetu. Kila ufikapo msimu wa kuandikisha watoto, baadhi ya shule za binafsi huwaketisha watoto wa miaka mitano na sita mbele ya karatasi iitwayo kipimo cha akili. Baada ya nusu saa mzazi hukabidhiwa namba. Namba ikiwa kubwa, mlango hufunguliwa na ada hupokelewa. Ikiwa ndogo, mama huambiwa kwa upole wa bandia kwamba mwanawe ni mzito, ajaribu kwingine. Wazazi wanatujia na karatasi hizo mikononi, na swali lao ni moja: Padre, ni kweli mwanangu hana akili?

Jibu letu ni hili: karatasi ile haijui. Na yeyote anayemfungia mtoto mlango kwa namba ile, anamdhulumu.

Tuanze na asili ya vipimo hivi. Mwaka 1905, huko Ufaransa, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga kipimo cha kwanza cha namna hii. Walikitunga ili kuwatambua watoto wa shule waliohitaji msaada wa pekee, wapate kufundishwa vizuri zaidi. Binet mwenyewe alipinga vikali wazo kwamba akili ni kiasi kilichopimwa mara moja, kisichoongezeka. Alisadiki kwamba mtoto akifundishwa, akili yake hukua. Kwa maneno mengine, kipimo kilizaliwa kiwe taa ya mwalimu, nao watu wakakigeuza kuwa kufuli.

Matunda ya mgeuzo huo tunayajua. Nchini Marekani, mwaka 1927, Mahakama ya Juu iliruhusu msichana aitwaye Carrie Buck afungwe kizazi kwa nguvu, kwa hoja kwamba yeye, mama yake na mtoto wake mchanga walikuwa wapungufu wa akili. Mtoto huyo alipofika shuleni aliwahi kuorodheshwa miongoni mwa wanafunzi wazuri. Hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1932 Richard Oliver alitunga kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika nchini Kenya. Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, kikaundwa chama cha walowezi na madaktari waliokuwa wakijadili ubora wa mbari, na miongoni mwao walikuwamo waliodai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Kanisa lilikuwa limekwisha kusema. Mnamo Desemba 1930, Papa Pio XI katika waraka wake *Casti Connubii* alikana kwamba serikali ina haki ya kuharibu mwili wa mtu asiye na hatia kwa kisingizio cha kuboresha uzao. Basi tusidhani kwamba tunazungumzia jambo jipya au dogo.

Pengine mtu atasema: "Hayo ni ya zamani, Padre. Vipimo vya leo ni vya kisayansi." Vema, tuwapime wapimaji kwa sayansi yao wenyewe. Kipimo cha kweli cha akili hakihesabu majibu sahihi tu, bali humlinganisha mtoto na maelfu ya watoto wa umri wake waliopimwa kabla yake kwa utaratibu uleule. Wastani wa watoto hao ndio unaopewa namba 100. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtoto wa Mlandizi analinganishwa na nani? Ikiwa kipimo kiliwekewa wastani wake kwa watoto wa Marekani, namba yake inatueleza umbali uliopo kati ya Mlandizi na Marekani, na umbali huo tuliufahamu tangu zamani. Tena, mpimaji aliyefunzwa humpima mtoto mmoja mmoja, kwa lugha anayoielewa, akiwa ameshiba na ametulia, na haishii kwenye namba moja bali hutaja kiwango ambacho ndani yake namba hiyo yaweza kupanda au kushuka. Je, ndivyo inavyofanyika kwetu? La hasha! Karatasi imechapwa kutoka kwenye intaneti, imeandikwa kwa Kiingereza, na imewekwa mbele ya mtoto ambaye nyumbani husikia Kiswahili na Kizaramo tu. Hicho kinachopimwa hapo ni Kiingereza cha mtoto na hofu yake.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watafiti wamelithibitisha hilo kwa njia yao. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Zambia wakawashinda. Kwa udongo, wakalingana. Mzazi wa Maneromango au Masaki, aliyemwona mwanawe akiunda gari la waya lenye usukani unaogeuka, haoni ajabu katika matokeo hayo. Lakini karatasi ya shule haina swali la waya.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka mkoani kwetu. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walichapisha mwaka 2002 utafiti wao juu ya watoto wa shule wa eneo la Bagamoyo. Watoto 358 walipewa majaribio ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali kama yale, halafu wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mpangilio wenyewe ulibadilika sana: aliyekuwa nyuma mwanzoni hakuwa lazima abaki nyuma baada ya kufundishwa. Tafakarini hilo, wapendwa. Ikiwa mafundisho mafupi yanaweza kubadili nafasi ya mtoto, tunathubutuje kumpangia maisha kwa namba ya asubuhi moja?

Tena mwaka huohuo wa 2002, utafiti mwingine juu ya watoto wa shule wa Tanzania ulionyesha kwamba maambukizi mazito ya kichocho yaliandamana na udhaifu wa kumbukumbu ya muda mfupi na kuchelewa kuitikia. Nani kati yetu hajui kichocho? Mtoto anayeoga katika madimbwi na mito yetu, anayekojoa damu na kuona aibu kusema, anaketishwa mbele ya karatasi na kuitwa mzito! Anayehitaji vidonge anapewa jina baya. Na asiyeuona ubao kwa sababu ya macho, au asiyemsikia mwalimu kwa sababu ya masikio, naye huingizwa katika kapu lilelile.

Tunajua hoja ya wenye shule. Husema nafasi ni chache, lazima wachuje. Nafasi kweli ni chache, nasi hatuwadai miujiza. Hata Shule ya Sekondari Kibaha, iliyo miongoni mwa shule za serikali za vipaji maalumu, huwapokea wachache. Lakini wale huchaguliwa baada ya miaka mingi ya kufundishwa, kwa mtihani wa yale waliyofundishwa. Mtoto wa miaka mitano hajafundishwa neno. Shule inayomkataa kabla ya kumfundisha haijachuja akili, imeukwepa wajibu wake. Tuseme wazi: wengi huchuja ili baadaye wajisifu kwa matokeo. Baraza la Mitihani liliacha mnamo Januari 2023 kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora, lakini mabango barabarani hayajaacha.

Uchungu wetu ni mkubwa zaidi jambo hili linapofanyika chini ya msalaba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba watu wote wana haki ya elimu, ukazitaka shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini. Shule yenye jina la mtakatifu, ikimfukuza mdogo kwa karatasi, imtazame Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Kilatini kilimshinda hata akaondolewa seminarini, na bado akapewa daraja la upadre mwaka 1815. Leo ndiye msimamizi wa maparoko. Kwa vipimo hivi asingevuka geti.

Wengine hutuletea mfano wa talanta, wakisema Bwana mwenyewe aligawa kwa tofauti. Ni kweli, aligawa tano, mbili na moja. Ila usomeni vizuri: hakuna mtumishi aliyeondoka mikono mitupu, na aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia talanta ardhini. Anayemwambia mtoto hana akili anaifukia talanta isiyo yake.

Basi tunaagiza na kusihi mambo matatu. Wazazi, mkipewa namba, ulizeni: nani alimpima, kwa lugha gani, akilinganishwa na nani, na shule itamsaidiaje? Pasipo majibu, msiipokee namba hiyo, wala msiitamke mbele ya mtoto. Kisha mpelekeni akapimwe macho, masikio, kichocho na minyoo, Tumbi au katika Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Walimu na wenye shule, kama mnapima, pimeni ili mjue mtoto aanzie wapi, na mpeni nafasi ya kufundishwa kabla ya kumhukumu. Jumuiya Ndogondogo, mtafuteni katika mitaa yenu mtoto aliyekataliwa, na aliyestaafu ualimu amfundishe kusoma. Kazi hiyo nayo ni sadaka.

Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese alitaka kumpaka mafuta mwenye umbo la kupendeza, naye Mungu akamfundisha kwamba Yeye hutazama moyo. Mteule alikuwa porini na kondoo, hata baba yake hakukumbuka kumwita. Kuna akina Daudi wangapi wanaochunga mbuzi leo kati ya Msanga na Chole, waliosahauliwa kwa sababu ya karatasi? Twendeni tukawaite.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo!