Msafara wa Ruhuji: Tuliondoka 14, tukajikuta 13!

Kama uko Dar na unalia joto, pole yako. Huku Makambako na Njombe mwezi wa saba ni koti, soksi na chai ya rangi. Kuna alfajiri unaamka unakuta jalidi imelala juu ya majani utadhani mtu kamwaga chumvi. Wiki hii sina umbea wa mtu. Nina kisa cha matembezi, na aliyechemsha ni mimi mwenyewe. Kamapenzi nako kamo, we vumilia tu utakakuta mbele.

Basi bwana, sisi vijana wa Makambako tulichoka kushinda njia panda tukihesabu malori ya Zambia. Mshikaji mmoja akatoa wazo: Jumamosi twende Njombe, tutembee kwa miguu kutwa nzima kando ya mto Ruhuji. Watu wakacheka. Kutembea bure, tumetumwa? Maana kwetu anayekwenda kwa miguu ama anakwenda shamba ama kakosa nauli. Lakini siku ilipofika tulijaa 14, masela na masista duu, kila mtu na mfuko wake: vitumbua, mayai ya kuchemsha, na jamaa mmoja kabeba spika ya muziki kama vile tunakwenda harusini.

Kati ya hao 14 alikuwamo mdogo wangu, mtoto wa shangazi, aliyekuja likizo kutoka Dar na raba zake nyeupe mpya. Usiku wa kuamkia safari shangazi alinipigia simu. "Mwanangu, huyo ni mgeni huko. Usimwachie mkono." Nikamjibu, "Hakuna noma, shangazi."

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, lami tupu. Kosta ilitushusha karibu na kuingia mjini, pale maporomoko ya Ruhuji yanapoonekana kutoka barabarani. Hapo tukahesabiana, tukaingia bondeni.

Jamani, nchi hii ina mambo! Chini kabisa kando ya maji kuna vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo Wabena wanalima kiangazi wakati juu kumekauka. Maharage mabichi, mboga, mahindi yanasimama kijani mwezi wa saba! Juu kwenye vilima ni misonobari na miwati, ile miti ambayo kampuni ya TANWAT ilianza kuipanda Njombe tangu 1949 kwa ajili ya magome yake yanayotengenezea ngozi. Maji yenyewe usiombe: unatumbukiza mguu, baridi unaisikia kwenye meno. Na maji hayo yana safari ndefu kuliko yetu. Ruhuji inakwenda kuungana na Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji ndiyo inayojaza bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme wa megawati 2,115. Kwa hiyo wewe wa Sinza unayepiga pasi shati la disko, ujue kuna watu Njombe wameshaoshea miguu umeme wako.

Sasa kwenye msafara alikuwamo binti mmoja mwenye kofia nyekundu. Mtoto bomba, halafu anatembea kama anakimbizwa. Mimi nami mbio nyuma ya kofia, namsimulia habari nusu za kweli nusu za kutunga. Mdogo wangu alikuwa nyuma, anahema. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mtu aliyezaliwa usawa wa maji ya Kigamboni akipanda kilima huku hewa haimtoshi, hata awe mchezaji mpira. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana.

Saa tisa alasiri tukasimama kula. Mtu akahesabu vichwa: 13. Akahesabu tena: 13. Spika ikazimwa. Kila mtu akaniangalia mimi.

Simu hazishiki. Ukungu umeanza kushuka kilimani, na bondeni huku jua likishajificha nyuma ya kilima giza halichelewi. Wenzangu wakabaki pale pale, mimi nikarudi nyuma. Aliyejitolea kunisindikiza ni Kofia Nyekundu. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Kila palipokuwa na mawe yenye utelezi mtoni nilichungulia majini kwanza, na sitaki kukwambia nilikuwa nawaza nini.

Tukamkuta mama mmoja anamwagilia kinyungu chake. "Kamwene, mama." Hakuuliza maswali mengi, akanyoosha mkono kwenye nyumba yenye moshi.

Ndani mdogo wangu kakaa karibu na moto, mguu umevimba, anakula viazi vya kuchemsha. Bibi mwenye nyumba tukamwamkia shikamoo. Akaitika, akatuangalia, kisha akaniuliza polepole: "Mjukuu wangu, huyu ulimsahau au ulimwacha?"

Nikakosa jibu. Mdogo wangu akajibu badala yangu. "Nilimwita mara tatu, bibi."

Msomaji wangu, mara ya pili na ya tatu sikusikia. Ya kwanza niliisikia. Nilijiambia atatukuta mbele.

Tulimsaidia hadi barabarani kwa bodaboda, na wenzetu wakatukuta hapo usiku umeshaingia. Kila mtu mzima, tumshukuru Mungu. Kwenye kosta Kofia Nyekundu alikaa siti ya mbele peke yake. Nilipojaribu kumsogelea akaniambia, "Kama ndugu yako unaweza kumwacha, mimi je?" Ngoma ikaishia hapo.

Kwa hiyo mkipanga yenu, sikilizeni aliyechemsha. Anayejua njia atangulie, na mwingine mwenye nguvu awe wa mwisho, asibaki mtu yeyote nyuma yake. Anayechoka mapema mwekeni mbele, yeye ndiye apange mwendo. Hesabuni vichwa kila mnaposimama. Ikifika saa saba mchana mgeuke, hata kama mbele kuna uzuri gani. Sweta lazima, na raba mpya zivaeni wiki nzima kabla.

Mdogo wangu karudi Dar, mguu umepona. Kwa mama yake hakusema kitu, alisema kajikwaa. Shangazi, kama gazeti hili limekufikia, sasa umejua. Naomba unisamehe, na likizo ijayo umlete tena. Safari hii nitatembea nyuma yake.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.