Vipimo vya mvua Uluguru: flashi, diski au wingu?

Mto Ruvu, unaoipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake, unaanzia milima ya Uluguru. Bwawa la Mindu linaloihudumia Manispaa ya Morogoro nalo linategemea maji ya milima hiyo hiyo. Kwa hiyo swali "mto unakauka au ni ukame wa mwaka huu tu?" linagusa bomba la kwako.

Jibu linahitaji rekodi ndefu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) hutumia miaka 30 kupima hali ya kawaida ya hewa ya eneo. Shida ni kwamba vifaa vingi tunavyonunua dukani havijatengenezwa kukaa muda wote huo.

Flashi: Inatunza data kwa chaji ndogo ya umeme, ambayo huvuja taratibu ikikaa miaka bila kuchomekwa. Ni ya kubebea, sio ya kutunzia.

Diski ya nje (eksteno): Bei nafuu kwa ujazo mkubwa. Ila ikidondoka vibaya imekwisha, na wataalamu wengi hushauri kuibadilisha kila baada ya miaka 3 hadi 5.

CD na DVD za kuchoma: Joto, mwanga na unyevu huziharibu. Laptop nyingi mpya hazina hata pa kuzisomea.

Kanda za sumaku (LTO): Watengenezaji wanasema zinafika miaka 30, lakini mashine ya kuzisoma ni ghali. Hizi ni za taasisi kubwa.

Wingu: Halidondoki wala halilowi. Ila Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua nchini. Data ilikuwepo, kuifikia ndiyo ikawa kazi. Halafu usipolipia, unaweza kufungiwa.

Ndiyo maana wataalamu wanatumia kanuni ya 3-2-1: nakala 3, aina 2 za vifaa, nakala 1 mbali. Kwa ofisi iliyo chini ya mlima, "mbali" iwe Dodoma, sio jengo la jirani, maana mafuriko yakija yanawakuta wote. Na daftari la karatasi la vipimo lisitupwe.

Mtihani mkubwa uko kwenye bajeti. Mradi wa miaka mitatu unaweza kununua diski, lakini mwaka wa nne nani atalipia nakala mpya? Mwaka wa kumi je? Taasisi inayotunza vipimo vya Uluguru inatakiwa iwe na jina la mhusika na fungu la fedha, la sivyo rekodi zitaishia kwenye droo.

Na wewe pia: chomeka ile flashi yako ya zamani leo, ufungue mafaili matatu. Yakigoma, jibu umeshalipata.