Kulala kwa Ndugu Kinshasa Si Bure



Kila mwaka darasa la mwisho linaongea juu ya safari ya Kinshasa. Mwaka huu pia. Kikao kilifanyika, hesabu ikaandikwa ubaoni, na wengi walirudi nyumbani wakifurahi kwa sababu hesabu ile ilikuwa ndogo kuliko walivyofikiri. Mimi niliinakili katika daftari. Tiketi ya ndeke, kwenda na kurudi: bei imeandikwa. Motokari za kule mjini: bei imeandikwa, lakini ya chini sana. Kulala: sifuri. Kula: sifuri. Nikauliza, sababu gani sifuri? Jibu likatoka upesi: "Tutalala ku ba ndugu. Kule iko bure."

Ni juu ya sifuri hizo mbili ninapenda kuandika.

Sikatai safari. Mtoto wa Lubumbashi anaweza kumaliza masomo yake yote, akajua Kafue na Ndola kwa sababu Zambia iko hapa karibu, lakini mji mkuu wa inchi yake anauona paka kwa televizio. Hiyo si vizuri. Lakini Kinshasa ni mji mkubwa na wa bei kali. Mtu anayetaka kwenda kule na mfuko mdogo anapashwa kufanya hesabu ya kweli mbele ya kufunga mizigo, na hesabu ya kweli haiwezi kuwa na sifuri mahali ambapo watu wanakula.

Kwanza njia. Kuna wenzetu wanaosema tuache ndeke, tupande treni mpaka Ilebo, kisha mashua ku mto Kasai mpaka Kinshasa, sawa babu zetu walivyofanya. Reli ilifika Ilebo mwaka 1928, wakati mji ule ulikuwa ukiitwa Port-Francqui. Juu ya karatasi njia hiyo ni ya bei ya chini. Lakini treni haina siku ya hakika, na mashua nayo inangoja mizigo. Kila siku ya njiani ni siku ya kula. Watu kumi na wawili wakikaa Ilebo siku kumi wakiangalia maji, tiketi ya ndeke wamekwisha kuila na mihogo. Barabara nayo? Toka Kinshasa mpaka Kikwit kuna lami, kilomita zaidi ya 500, lakini sisi hatutoki Kikwit. Basi tuikubali ndeke, ni saa mbili hivi tu. Tuinunue mapema, wote pamoja, siku moja, na tuulize kama kuna bei ya kundi. Kwa tiketi sina mengine ya kusema. Hiyo ni bei inayoonekana, na bei inayoonekana haidanganyi mtu.

Ile isiyoonekana iko Kinshasa yenyewe.

Uwanja wa ndeke wa N'djili uko upande wa mashariki, kilomita zaidi ya 20 toka Gombe, kule kwenye ofisi na magorofa. Ndugu zetu wengi hawakai Gombe. Wanakaa Masina, Kimbanseke, N'djili, kwa sababu kule nyumba inapatikana kwa bei wanayoweza. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mtu anayelala Kimbanseke na kwenda mjini anapanda motokari mbili asubuhi na mbili jioni. Watu 12 mara nne, ni nafasi 48 za kulipa kwa siku. Kwa siku sita, 288. Lakini jioni, watu wanapokuwa wengi barabarani, dereva anakata njia yake vipande. Kule wanaita "demi-terrain": mahali ulipozoea kulipa mara moja unalipa mara mbili, na hakuna wa kumlalamikia. Kama kurudi kunakuwa mara nne mahali pa mara mbili, tumefika nafasi 72 kwa siku, na kwa siku sita ni 432. Ubaoni kwetu waliandika kama vile kila mtu atapanda mara moja tu, asubuhi na jioni. Na asiniambie mtu kwamba tutapanda wewa, ndizo motosikleti za kule. Watu watatu ku motosikleti moja usiku, juu ya kuokoa franka kidogo, hapana.

Dawa yake si kubishana na dereva. Dawa ni kuchagua mahali pa kwenda kwa namna ya kupanda mara chache. Ukishuka Boulevard Triomphal, unapata kwa miguu mambo makubwa matatu: Musée National mpya, iliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini na kufunguliwa mwaka 2019, Palais du Peuple, ambamo wabunge wanakutana, iliyojengwa na Wachina na kumalizika mwaka 1979, na Stade des Martyrs, inayochukua watu 80.000. Musée peke yake ni asubuhi nzima, kama mtu anaangalia kweli na si kupiga picha tu. Hiyo ni siku moja, kwenda mara moja na kurudi mara moja, na kurudi mbele ya saa kumi, wakati demi-terrain haijaanza.

Siku ingine iwe ya Échangeur, ule mnara mrefu wa Limete, ulio juu ya barabara ileile ya uwanja wa ndeke. Kwetu sisi wa Lubumbashi nafikiri hiyo njo ya kwanza. Lumumba aliuawa karibu na mji wetu, tarehe 17 Januari 1961. Jino lake, lililobaki katika mwili wake wote, Ubelgiji ililirudisha mwezi wa sita mwaka 2022. Likapitishwa katika inchi, hata hapa Shilatembo, na tarehe 30 Juni likawekwa pale Limete. Anayejua Shilatembo na hajaona Limete amesoma nusu ya kitabu.

Wengine wanataka Lola ya Bonobo, kule kwenye maji ya Lukaya. Ni mahali pazuri, nyani wale hawapatikani porini katika inchi ingine ila yetu. Lakini iko inje ya mji, inapashwa kukodi motokari, na motokari ile itakula chakula cha siku mbili. Tuiache. Yule atakayepata kazi kesho atakwenda na watoto wake.

Wakati wa kwenda: mwezi wa saba, kisha Exetat. Kule kiangazi kinaanza mwezi wa sita na kwenda mpaka wa tisa. Wale wanaosema Pasaka wanasahau mvua. Mwezi wa 12 mwaka 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya mia moja Kinshasa, na mwezi wa 4 mwaka 2025 maji yalikata hata barabara ya uwanja wa ndeke. Mtu aliyekosa ndeke yake analipa tena.

Makuta yasibebwe yote mfukoni. Yaingie ku telefone, M-Pesa ao Airtel Money, ya watu wawili ao watatu wanaoaminika, na kila mtu abaki na noti ndogo-ndogo za kulipa motokari. Dola iliyopasuka kidogo hakuna atakayeipokea. Hayo mnayajua, ni kama hapa.

Sasa ile sifuri.

Sisi wenyewe tunajua namna wageni wanavyokula nyumba. Wakati wa kilio cha babu, wageni tisa walitoka Kinshasa wakaja kwetu, wakakaa siku kumi na nne. Mama hakusema neno. Unga wa mwezi mzima uliisha kwa siku kumi. Makala yakaisha. Baba alikopa kwa jirani. Mwezi ule yaya alifukuzwa ku masomo juu ya minerval, na wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kurudi kwao, wakisema: "Lubumbashi maisha iko bei chini." Kwao ilikuwa chini kweli.

Kinshasa ni zaidi. Sisi hapa tunanunua unga kwa meka, na wengi wetu tuna hata shamba dogo inje ya mji. Shangazi wa Kimbanseke hana shamba. Kila kitu kinaingia mjini kwa barabara ya Matadi, ya Kikwit, ao kwa mashua, na barabara ikiharibika bei inapanda siku ileile. Makala yanatoka mbali, ku Bateke na mbele yake. Katika mitaa mingi maji ya bomba hayafiki kila siku, basi yananunuliwa kwa bido. Vijana wanne wa Lubumbashi, wakioga asubuhi na jioni kwa sababu ya joto, wanamaliza bido ngapi? Hakuna aliyeandika bido ubaoni. Mtu aliyelipa bido ile hayuko katika darasa letu, hakuchagua safari, na jina lake halitasomwa siku ya kushukuru.

Najua watakavyonijibu. "Kumlipa ndugu ni kumtukana. Sisi si Wazungu." Ni kweli, mtu hatoi franka mezani kama katika hoteli. Lakini wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wale hawakuwa Wazungu. Walijua chakula kinatoka wapi. Kinshasa hakuna shamba la kulima, basi jembe letu ni mfuko wa unga, ni makala, ni bido za maji. Tufike navyo siku ya kwanza, si kuacha anvelope siku ya mwisho wakati shangazi amekwisha kukopa. Na toka hapa tubebe vinkubala vikavu na uyoga mkavu. Havina kilo nyingi katika mizigo, na Mkatanga aliyeko kule miaka kumi akiviona atacheka mwenyewe.

Namna ya kujua bei? Msimuulize shangazi. Atasema: "Mukuje tu, mwanangu." Mumuulize binti yake anayekwenda sokoni. Yeye anajua bei ya unga, ya makala na ya bido moja mpaka franka ya mwisho. Kisha tuandike kiasi kile mahali pa sifuri, kwa kila mtu, kwa kila usiku, na nyumba moja isipokee wanafunzi zaidi ya watatu.

Kuna jambo lingine, na hili njo linaniuma zaidi. Darasa lina watu 31. Walioandika jina ni 12. Wale 19 si kwamba hawapendi. Hawana ndugu Kinshasa. Waliposikia kulala ni bure kwa mwenye ndugu, wakaelewa kwamba kwao si bure, wakanyamaza. Lakini kese ya darasa ni nani aliyeijaza? Mikate iliuzwa na wasichana wote. Shamba la yule mzee lililimwa na vijana wote, na wengine kati ya wale 19 walilima kuliko mimi. Leo franka zile zinunue tiketi za watu 12 kwa sababu wana shangazi?

Mimi ninasema hivi. Kulala na kula viandikwe katika hesabu kwa kila mtu sawasawa, mwenye ndugu na asiye na ndugu. Bwana Prefe aombwe aandikie shule moja ya Kinshasa yenye internat. Mwezi wa saba vitanda viko wazi. Watulaze siku tano, na mwaka unaofuata sisi tuwalaze wanafunzi wao hapa. Kama hiyo haiwezekani, ziko nyumba za wageni za makanisa, zenye vyumba vya watu wengi. Kama kese ni ndogo, tupunguze siku kwanza: tano mahali pa kumi zinatosha kwa yale niliyotaja. Kama bado haitoshi kwa wote, kura ipigwe kati ya watu 31, mbele ya mwalimu wa darasa. Mwenye ndugu akipata kura, atakwenda kumsalimu shangazi yake siku ya Mungu, na vinkubala mkononi.

Najua kwamba kwa hesabu hiyo pengine watakwenda watu tisa mahali pa 12. Na mimi niko kati ya wale 12. Nina mama mdogo kule Masina.

Kikao cha pili ni Ijumaa, kisha masomo. Katibu ana karatasi mpya. Safu ya kulala na safu ya kula ziko wazi, na telefone ya binti wa mama mdogo nimekwisha kuandika pembeni.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la mwisho, Lubumbashi