Mwanao daktari anaomba ubobezi Marekani? Mzazi, mambo haya yanakuhusu

Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, ameuliza swali ambalo naamini linawasumbua wazazi wengi wenye watoto nje ya nchi. Binti yake ni daktari, yuko Marekani mwaka wa tatu wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili. Juzi alipiga simu kusema anaomba nafasi nyingine ya kusoma, safari hii afya ya akili ya watoto na vijana. Baba yake amenuna. Mama anauliza: huyu mtoto atasoma mpaka lini? Na kwa nini afanyiwe usaili tena wakati tayari ni daktari?

Mama, shikamoo. Jibu fupi ni kwamba binti yako hajapotea njia. Muda anaouongeza huenda ni mfupi kuliko mnavyodhani, na zipo sehemu ambazo ninyi wazazi mnaweza kumsaidia au kumharibia bila kujua.

Hesabu ya miaka

Marekani, ubingwa wa magonjwa ya akili huchukua miaka 4. Ubobezi wa watoto na vijana ni miaka 2. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni miaka 6. Lakini utaratibu wao unamruhusu daktari kuanza ubobezi akishamaliza mwaka wa 3 wa ubingwa, na mwaka wa kwanza wa ubobezi ukahesabiwa kuwa ndio wa 4. Hapo jumla inakuwa miaka 5. Ndiyo maana anaomba sasa, wakati wenzake bado hawajamaliza. Akipita njia hiyo, anaongeza mwaka mmoja tu.

Pia halipi ada. Daktari aliye kwenye ubobezi ni mwajiriwa wa hospitali na analipwa mshahara, ingawa ni mdogo kuliko wa bingwa aliyemaliza. Kama nyumbani mlikuwa mnahesabu kwamba mwakani ataanza kulipa ada za wadogo zake, hilo lizungumzwe wazi na mapema. Ni bora aambiwe ukweli kuliko kununiwa.

Kwa nini watoto wasomewe peke yao

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtoto wa miaka 6 mwenye sonona anaweza asiseme kabisa kwamba ana huzuni. Atalalamika tumbo linauma kila asubuhi ya shule, au atakuwa mkali kwa wenzake. Daktari wake lazima ajue kuzungumza kwa michezo na michoro, na ajue kukaa na mama, baba, bibi na mwalimu kwa wakati mmoja.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Na madaktari wa fani hii ni wachache hata huko Marekani: kaunti nyingi hazina hata mmoja. Miaka mingi, baadhi ya nafasi za mafunzo haya hubaki bila mtu. Kwa hiyo binti yako anaingia mahali anapohitajika. Hilo halina maana kwamba atapokelewa popote, kwa sababu vyuo vyenye majina makubwa bado vinagombewa.

Maombi

Maombi hutumwa kwa mfumo wa mtandaoni uitwao ERAS. Ndani yake kuna wasifu, barua za wadhamini, mojawapo ikitoka kwa mkuu wa mafunzo anakosoma sasa, na maelezo binafsi ambayo kwa kawaida hayazidi ukurasa mmoja. Hapo anaeleza kwa nini amechagua watoto.

Waombaji wengine huandika kuhusu ndugu aliyeugua au shida waliyoipitia nyumbani. Mzazi, hapa unahusika. Habari ya mdogo wake mwenye usonji ni ya mdogo huyo pia, na ni ya familia nzima. Mwanao akikuomba ruhusa, usimkatie simu kwa aibu. Mweleze kipi mko radhi kisemwe na kipi kibaki ndani. Habari inayosaidia ni ile inayoonyesha alichojifunza na anavyowatendea wagonjwa wake leo. Wasaili hawahitaji kila kitu kilichotokea nyumbani kwenu.

Siku ya usaili

Tangu janga la Uviko-19, programu nyingi hufanya usaili kwa video. Kwa kawaida mwombaji huzungumza na walimu kadhaa mmoja mmoja, na mkuu wa programu, na madaktari walio mafunzoni. Maksi za darasani wameshaziona kwenye maombi. Siku hiyo wanamtazama yeye. Watamuuliza kuhusu mgonjwa aliyemtoa jasho. Watamuuliza angefanya nini kama mzazi anakataa dawa na mtoto anazidi kuumia, au kijana akimwambia siri na kumsihi asimwambie mama.

Maswali kama hayo hayana jibu la kukariri. Anayemlaumu mzazi katika kila kisa hujulikana haraka, na anayesema ameweza kila kitu hujulikana haraka zaidi.

Naye ana haki ya kuuliza: nani atamsimamia, zamu za usiku ni ngapi, atafundishwa tiba ya mazungumzo kiasi gani, atapelekwa shuleni kuonana na walimu au atakaa wodini tu. Wasaili hawapaswi kumuuliza kama ameolewa au anapanga kupata mtoto, wala kumlazimisha ataje programu nyingine alizoomba.

Jambo la saa nalo ni dogo lakini lina uzito. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, na kuanzia Novemba ni saa kumi na moja. Siku ya usaili, usipige simu ya video jioni kumuuliza amekula nini. Subiri akutafute.

Orodha ya siri

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea ushauri. Baada ya usaili, mwombaji hapokei barua moja moja za kukubaliwa. Anaandika orodha ya programu kwa mpangilio anaoupenda, na kila programu inaandika orodha ya waombaji inaowataka. Kompyuta ya mpango wa kitaifa uitwao NRMP inazilinganisha, na matokeo hutoka siku moja kwa wote. Atakapopangwa, amefungwa: hawezi kukataa kwa sababu shangazi anaishi jimbo jingine.

Mzazi atasema, "Mwanangu, weka kwanza ile rahisi ili usikose." Usimwambie hivyo. Mfumo huu humjaribu mwombaji kwenye chaguo lake la kwanza. Akikosa, humjaribu la pili, na kukosa la kwanza hakumpunguzii nafasi kwenye la pili hata kidogo. Akiweka kwanza asiyoipenda, anaweza kuipata hiyo hiyo huku ile aliyoitaka ingemchukua. Hesabu iliyo nyuma ya mfumo huu iliandikwa na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na mwaka 2012 Shapley na Alvin Roth walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hii. Kwa hiyo aandike anachokitaka kweli, na asiandike kabisa mahali ambapo hayuko tayari kwenda.

Barua kutoka nyumbani

Kama yuko huko kwa visa ya J-1, atahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake inayothibitisha kwamba nchi inahitaji utaalamu huo, na ubobezi mpya huhitaji barua mpya. Aliye nyumbani anaweza kumsaidia kwa kuifuatilia mapema, kwa heshima na kwa subira. Visa hiyo pia humtaka arudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha. Njia mojawapo ya msamaha ni kufanya kazi miaka 3 katika eneo la Marekani lenye upungufu wa madaktari. Mpango wa kurudi au kubaki usiwashtukize siku ya mwisho.

Kwa baba, nina ombi moja. Usimuulize tena binti yako atamaliza lini. Muulize ni mtoto gani aliyemfanya achague kazi hii. Hilo ndilo swali ambalo wasaili watamuuliza, na akishakujibu wewe kwanza, atawajibu wao bila kutetemeka.