Bustani ya Mfalme Irudishwe Enzi Ipi?

Wanachuo wenzangu, kuna hoja inayojirudia kwenye mijadala yetu: kwa nini Ufaransa imwage fedha kwenye bustani za wafalme na matajiri waliokufa zamani? Wenye msimamo mkali wanasema ziachwe ziote magugu. Mimi nasema zikarabatiwe, ila tuambiane ukweli kuhusu maana ya kukarabati.

Tuanze na Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki mwa Paris. Mwenyewe, Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za mfalme, alifanya karamu kubwa hapo Agosti 1661. Wiki chache baadaye alikamatwa, na Louis XIV akamchukua mbunifu wake wa bustani, André Le Nôtre, kwenda Versailles. Mwaka 1875 Alfred Sommier, tajiri wa sukari, alilinunua jumba likiwa limechakaa, akaanza kulifufua pamoja na bustani yake. Yale mapambo ya vichaka vilivyokatwa mfano wa tarizi, ambayo mgeni angedhani ni ya Le Nôtre, yalitengenezwa upya na Achille Duchêne karne ya 20. Navyo vikaugua, vikang'olewa, na mwaka 2019 msanii Patrick Hourcade akatandaza mahali pake tepe za alumini zinazoakisi anga. Sasa jamani, hapo cha asili ni kipi?

Kule Villandry, Joachim Carvallo, mwanasayansi mzaliwa wa Hispania aliyenunua jumba mwaka 1906, aliondoa bustani ya mtindo wa Kiingereza ya karne ya 19 ili atengeneze ile anayoiona leo kila mtalii: mistari iliyonyooka, na mboga zilizopangwa kama zulia. Inapendeza, si mchezo. Lakini ili kurudisha enzi moja, alifuta nyingine.

Ndiyo maana nawaunga mkono Versailles. Dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha miti kwa maelfu, nao wakapanda upya, kama ilivyofanyika pia enzi za Louis XVI. Mti si jiwe. Huzeeka na kufa. Ila lile eneo liitwalo Tamthilia ya Maji, alilolibuni Le Nôtre na likaja kubomolewa karne ya 18, hawakulighushi. Lilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ubunifu mpya wa Louis Benech, na chemchemi za Jean-Michel Othoniel. Wamekiri wazi kwamba hiyo ni kazi ya zama zetu.

Kwa hiyo nina masharti mawili. Kwanza, kila bustani iliyokarabatiwa iwe na bango linalosema imerudishwa enzi ipi, na nini kiliondolewa. Pili, fedha zimfikie kwanza mtunza bustani. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa: ule mstari ulionyooka hupinda msimu mmoja tu mwenye mkasi akikosekana.

Wanaotaka magugu wanadhani wanamwadhibu mfalme. Mfalme hana habari. Atakayeumia ni kibarua atakayekosa kazi, na ujuzi wa kupogoa na kuongoza maji utakaokufa naye. Ujuzi huo haukuwa mali ya Louis. Ulikuwa mikononi mwa watu wasio na sanamu hata moja bustanini.