Tufaidi Jua Kabla Mvua Haijashuka

Mkazi wa Kitale huujua mwisho wa kiangazi kwa pua kabla ya kuuona kwa macho. Ni moshi wa mabua ya mahindi yanayochomwa shambani, ni vumbi la matrekta upande wa Endebess, na alasiri ni upepo wa ghafla kutoka Mlima Elgon unaomfanya mama akimbilie nguo kambani. Kule Bungoma joto huwa kali zaidi, na kila mzee huangalia mawingu na kutoa utabiri wake. Zimebaki wiki chache tu kabla ya mvua ya masika, na baada ya hapo ni matope, mbolea na karo.

Swali langu kwako, msomaji wa mjini, ni hili: siku hizi chache unazitumiaje?

Wengi wetu huzitumia tukiwa tumekaa. Jumamosi ni nyama choma na soda mbili tatu, Jumapili ni kanisani kisha televisheni. Hata safari ya dukani ni ya pikipiki. Sina ugomvi na vijana wa bodaboda, ambao kazi yao, tena kwa baiskeli, ilizaliwa huku huku kwetu kwenye mpaka wa Uganda. Lakini tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mtu hulipa nauli ili asitembee mwendo wa dakika kumi, kisha hushangaa mkanda wa suruali unapokataa kufunga.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana nilipimwa presha, ikasoma 160 juu ya 100. Daktari, kijana wa rika la mwanangu, alinitaka nirudi baada ya wiki mbili apime tena. Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Mzee, mara ya mwisho kutembea kwa miguu mpaka ukatoka jasho ilikuwa lini?" Nilifikiri sana. Ilikuwa mazishi, na gari lilikuwa limekwama.

Dawa nilipewa hatimaye, na bado nameza. Sitaki mtu asome ukurasa huu kisha atupe vidonge vyake. Ila nilianza pia kutembea, maana Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwenda kwa miguu kwa haraka ni mojawapo. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Haihitaji viatu vya bei wala kiingilio cha ukumbi wa mazoezi.

Tena sisi wa huku tumebarikiwa mahali pa kutembea. Pale Kitale, jumba la makumbusho lina kijia kinachopita ndani ya msitu wa asili, na ukiingia humo kelele za stendi ya matatu husahaulika. Ukitaka mbali kidogo, shika barabara ya Kapenguria uende Saiwa. Hiyo ni mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita tatu tu za mraba, na magari hayaruhusiwi kuzunguka ndani yake. Utake usitake utatumia miguu. Unapita juu ya mbao zilizotandazwa kwenye kinamasi, unapanda mnara, unanyamaza. Ukifika alfajiri unaweza kumwona nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, akitokeza kati ya matete. Kuna pia kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama za babu. Mke wangu, ambaye alikwenda akinung'unika, ndiye siku hizi huniamsha.

Watu wa Bungoma wana milima ya Chetambe juu ya Webuye, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza wakiwa ndani ya ngome yao. Panda taratibu, pumzika, kisha teremka ukaone maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia. Kiangazi maji huwa yamepungua na mawe yanaonekana; mvua zikianza, kando ya mto ule si mahali pa kuchezea watoto.

Onyo moja kuhusu Elgon. Mapango ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi yanavutia, lakini yana popo. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliokuwa wamelitembelea pango la Kitum walikufa kwa ugonjwa wa Marburg, na popo wala matunda ndio wanaobeba virusi vyake. Mimi hulitazama pango nikiwa nje, na watoto wangu vivyo hivyo. Mlima una mengine mengi ya kuona.

Sasa nije kwenye bahari. Najua kuna atakayecheka: Kitale mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na sisi si matajiri. Lakini fedha tunazotumia Desemba, wakati nauli imepanda na kila chumba kimejaa, zinatosha kukaa siku nne kule mwanzoni mwa Machi, upepo wa kaskazi ukiwa bado mtulivu. Ukingoja likizo ya Aprili utaikuta mvua imekutangulia ufuoni. Tatizo ni shule, nakubali. Basi waende wasio na watoto wa shule, na wazee, ambao ndio huachwa nyumbani kulinda mbuzi.

Basi la usiku lina hatari yake, na simaanishi ajali peke yake. Watu hukaa saa kumi na zaidi bila kunyoosha mguu, na hawanywi maji wakiogopa kusumbua dereva kwa haja ndogo. Damu ikituama miguuni hivyo inaweza kuganda, na bonge likipanda hadi mapafuni linaua. Kunywa maji. Kila basi linaposimama, shuka utembee. Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma baada ya safari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni malaria. Mtu mzima wa Bungoma ameumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake una kinga kiasi. Kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa zile nane za magharibi zilizochaguliwa kujaribu chanjo ya malaria kwa watoto kuanzia mwaka 2019. Mtoto aliyelelewa Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, hana kinga hiyo. Mlaze ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa wiki moja au hata nne baada ya kurudi, usikimbilie kusema ni mafua ya baridi ya Kitale. Apimwe damu, na mwambie daktari mlikuwa Pwani.

Wapo watakaosema ziwa liko karibu, twende Dunga, Kisumu, au Port Victoria. Nendeni, mle samaki, mpande mashua. Kuoga ndiko nakataa. Konokono wa maji baridi hueneza kichocho, na viini vyake hupenya ngozi ukiwa umesimama tu majini. Maji ya chumvi hayana kichocho. Bahari ina miiba yake, kwa hiyo vaa viatu vya mpira unapokanyaga mawe maji yakipwa, na usiogelee peke yako.

Sisi tiketi zetu ni za Ijumaa ya pili ya Machi. Kabla ya hapo imebaki Jumamosi moja ya Chetambe, na presha itapimwa Jumatatu inayofuata. Mke wangu ameshanunua kofia mbili za ukili, yangu ikiwa ndogo kidogo.